Mchanga ni nyongeza: nitamsimulia vipi kaka mcheshi kwenye arobaini yake?

SWALI

Assalaam aleikum, wahusika wa safu.

Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Leo ni siku ya 19 tangu nimpoteze rafiki ambaye sokoni kila mtu alimhesabu kuwa ndugu yangu, ingawa mimi ni Muha na yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Tumekaa meza moja miaka 11. Alikuwa mcheshi, lakini si wa kuropoka. Anakutazama kwa uso mkavu, anadondosha neno moja, anaendelea kupima dagaa. Mteja akilalamika kuwa dagaa wana mchanga, anajibiwa: “Mchanga ni nyongeza, mama. Ulichonunua ni dagaa.”

Familia imenipa kazi mbili za arobaini: nizungumze kidogo, na niandae kijitabu cha kumbukumbu. Hapo ndipo nilipokwama. Visa vyake vitamu kuliko vyote ni vya madeni ya dukani na vya shemeji yake, kaka wa mkewe. Baba yake mkubwa aliyetoka Tabora ameshaniambia, “Usitugeuzie dua kuwa kijiwe.” Nami nikiondoa vichekesho, ninayemsimulia si yeye tena, ni marehemu yeyote yule: mpole, mcha Mungu, mpenda watu.

Kuna na hili. Siku ya mazishi watani wake wawili, Mzaramo na Mgogo wa pale bandarini, walivaa kofia yake, wakaiga mwendo wake, wakagoma kutoka kaburini mpaka wapewe chochote. Wazee walicheka, watoto wake walikasirika. Arobaini niwaite au nijifanye nimesahau?

La mwisho ni sauti zake za WhatsApp. Ninazo nyingi, nataka zisikike kwenye spika siku hiyo. Simu yake mwenyewe imepasuka kioo, iko kwa mjane. Nikizisikiliza hizi zangu nacheka peke yangu, halafu koo linaziba. Nitasimamaje mbele za watu?

Mwenye meza, Kibirizi

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Pole, na utufikishie pole kwa mjane na watoto.

Kabla ya hotuba, kabla ya kijitabu, zuieni simu yake isipelekwe kwa fundi. Kioo hubadilishwa bila kugusa kilichohifadhiwa ndani, lakini fundi akikuta imefungwa kwa namba ya siri, dawa ya haraka aliyonayo ni kuiflashi, na hapo picha, sauti na namba za watu vinafutika vyote. Ikae kwa mjane, izimwe, ipelekwe baadaye na mtu atakayesimama pale pale wakati kioo kinabadilishwa. Kama kulikuwa na pesa kwenye laini, zisitolewe na mtu anayeijua namba yake ya siri, hata akiwa na nia ya kununulia mchele wa arobaini. Pesa hizo ni mirathi. Utaratibu wake ni cheti cha kifo na msimamizi aliyethibitishwa na mahakama, ndipo kampuni ya simu inaziachia.

Wewe huihitaji simu yake. Sauti alizokutumia ziko kwenye simu yako. Kama ni Android, fungua faili za simu, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, halafu WhatsApp, Media, na folda ya Voice Notes. Utakuta vifolda vingi vilivyopangwa kwa wiki, na ndani yake majina yanayoanza na PTT yakifuatiwa na mwaka, mwezi na tarehe bila nafasi. Tarehe hizo zitakusaidia sana: ukikumbuka mlicheka siku ya kuamkia Idi, nenda kwenye tarehe ile. Nakili folda yote kwanza, kuchagua kuje baadaye. Nakala moja kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, moja kwenye flashi, moja itumwe kwa ndugu wa Tabora. Flashi peke yake usiiamini, hufa bila kuaga.

Fanya hivyo wiki hii. Sauti hizi hazipotei kwa ajali kubwa, zinapotea siku mtu anapoambiwa simu imejaa, anabonyeza “safisha”, basi. Waambie na wengine aliowatumia sauti, wale mabaharia na akina mama wa soko, wasisafishe kitu mpaka umepita kwao. Na mjane aambiwe mapema: akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyokaa bila kutumika hufungwa, baadaye namba ikauzwa kwa mtu mwingine. Siku moja namba ile itaonekana ina picha ya mtu asiyemjua. Heri alijue hilo sasa kuliko kushtuka usiku.

Kuhusu spika. Sauti za WhatsApp zimehifadhiwa kwa mfumo wa opus, na spika nyingi za kukodi zenye tundu la flashi hazisomi huo, zinasoma MP3. Kijana yeyote wa steshenari mwenye kompyuta atazigeuza kwa dakika chache. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa flashi ambao spika hizo huusoma, faili zianze na 01, 02, 03 ili zijipange, na jaribu kwenye spika ile ile utakayotumia, siku moja kabla, uwanjani, si chumbani. Chumbani kila sauti inasikika vizuri. Uwanjani, sauti iliyorekodiwa huku boti inanguruma nyuma inageuka mvumo mtupu, kwa hiyo chagua zile alizorekodi ndani au usiku. Tatu zinatosha, kila moja isizidi sekunde 30. Ukizidisha, watu wanaacha kumsikiliza yeye wanaanza kutazamana.

Hapa kuna masharti mawili tusiyokulegezea. Kwanza, muulize shehe atakayeongoza dua. Wengine hawapendi kabisa sauti ya marehemu ipigwe kwenye hitima, na hiyo shughuli ni ya dua kwanza. Akikataa, usibishane, sauti zisikilizwe jioni nyumbani na wachache. Pili, akikubali, lazima mtu atangaze kabla: “Sasa mtasikia sauti yake, nusu dakika.” Sauti ya marehemu ikitoka kwenye spika ghafla, kuna mtu ataanguka, na mara nyingi ni mama au mtoto wa mwisho. Mjane naye bado atakuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na arobaini inaangukia katikati. Asiitwe mbele. Apelekewe sauti ndani mapema, aamue mwenyewe kama anataka zisikike nje.

Tuje kwenye vichekesho, maana hapo ndipo moyo wa barua yako ulipo.

Angalia hicho cha mchanga. Ukisimama ukasema, “Marehemu alikuwa mcheshi sana, hata mteja akilalamika alimjibu kwa utani,” hakuna atakayecheka. Umewatangazia kichekesho halafu hukukileta. Ukisema, “Alikuwa akiwaambia mchanga ni nyongeza,” watacheka kidogo, ila asiyemjua ataondoka akidhani mlikuwa na muuzaji jeuri pale mezani. Kuna kitu umekiacha nje ya barua: akishasema hivyo, mkono wake ulifanya nini? Mtu hawezi kuwajibu wateja namna ile miaka 11 wakawa wanarudi. Ama alichukua ungo akapepeta upya, ama aliongeza konzi moja juu ya kipimo bila kusema, ama alimkatia bei. Wewe ndiye ulikuwa pembeni, wewe unajua. Kiandike kisa kwa mpangilio wa macho: mama ameinama, ameshika dagaa wachache, anawasugua kiganjani, mchanga unadondoka; kaka hajainua kichwa; neno linatoka; halafu mkono. Ukiishia kwenye neno, umeleta mzaha. Ukifika kwenye mkono, umemleta yeye.

(Na akina mama walikuwa na haki yao. Dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga, wa kwenye vichanja hawana, na bei inalijua hilo.)

Vichekesho vingi hufa mdomoni mwa msimuliaji kwa sababu zile zile. Anacheka kabla ya wasikilizaji. Anaanza kwa kueleza tabia badala ya tukio. Anabadilisha maneno, kumbe utamu ulikuwa kwenye neno lenyewe: kaka hakusema “bonasi” wala “zawadi”, alisema nyongeza, neno ambalo kila mnunuzi wa sokoni hulidai kwa mdomo wake mwenyewe. Ukilibadilisha hilo moja, kisa kimekwisha. Kwa hiyo kila utakachokusanya kiandikwe kama kilivyotamkwa, na Kinyamwezi chake kikiwemo, hata kama utahitaji mtu wa Tabora akusaidie tahajia.

Kukusanya nako kuna namna yake. Ukimuuliza mtu, “Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?” atakujibu yale yale ya mpole na mpenda watu, umemfungulia mlango wa msibani, naye ameingilia hapo. Muulize, “Wewe alikuita jina gani?” Mtu mcheshi wa sokoni huwabatiza watu, na kila jina lina kisa chake. Muulize alikuwa akisema nini akichelewa, akidaiwa, mvua ikinyesha juu ya dagaa walioanikwa. Nunua daftari, ukurasa wa kushoto maneno yake, wa kulia nani kasimulia, ilikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo. Huyo mwingine ndiye utakayemfuata kuhakiki. Wavuvi wafuate siku za mbalamwezi, wanapopumzika kwa sababu taa hazivuti dagaa. Siku za giza wanavua usiku na mchana wamelala, utapata majibu ya kuondolewa njiani. Ukirekodi kwa simu, iweke juu ya khanga iliyokunjwa, si juu ya meza, karibu na mdomo wa msimuliaji, mbali na injini. Na usisubiri mwaka. Kisa kikisimuliwa mara kumi kinapambwa, na marehemu anaanza kusema maneno ambayo asingeyasema.

Sasa kuchuja. Vya madeni vyote acha. Si kwa sababu ni aibu tu. Kwenye msiba wa Kiislamu familia husimama ikasema anayemdai marehemu ajitokeze, na deni hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha kabla warithi hawajagawana. Ukichekesha watu kwa deni la dukani, mwenye duka atanyoosha mkono hapo hapo, na utakuwa umemfungulia mjane kesi. Cha shemeji ni tofauti. Shemeji ni mtani kwa haki, na kinachochekesha ni kwamba yeye ndiye alichezewa. Mfuate, mwambie, “Shemeji, kile kisa ni chako.” Akikisimulia mwenyewe, baraza litacheka kwa raha. Ukikisimulia wewe, utakuwa unamsema mtu aliyepo. Na kabla hujafungua mdomo siku hiyo, angalia kama wakwe zake wamekaa mbele. Kuna maneno ambayo yeye mwenyewe asingeyatamka mbele ya mama mkwe. Usimtamkie akiwa hana namna ya kukukanyaga mguu.

Baba mkubwa usimkwepe. Mzee anayesema “usigeuze dua kuwa kijiwe” anaogopa kitu kisicho na mwisho wala msimamizi. Mpelekee ukomo: utazungumza baada ya dua na chakula, dakika nne, visa vitatu, na karatasi yenyewe hii hapa. Msomee. Kisha mwombe yeye kisa kimoja cha utotoni Tabora, akisimulie kwa mdomo wake au wewe umsomee. Hapo unakuwa na kimoja cha kazini, kimoja cha nyumbani ambacho mjane amekipitisha, na kimoja cha kwao. Zaidi ya hapo usiongeze.

Watani waite. Wanyamwezi na watu wa njia ya pwani, Wagogo na Wazaramo wakiwemo, wana utani ambao wengi huuhusisha na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita nchi hizo kwenda na kurudi pwani. Mtani msibani ana ruhusa ya kuiga mwendo wa marehemu, kudai faini, hata kulala kaburini, na hakasirikiwi. Ila ana wajibu pia: ndiye anayeshika jembe, anayebeba maji, anayemnyamazisha anayelia kupita kiasi kwa kumchekesha. Watoto wake walikasirika kwa sababu wamekulia mjini na hakuna aliyewaambia. Mzee mmoja akae nao jioni moja awaeleze, na watani wenyewe wawepo. Kisha wekeni mipaka mapema: dua ikianza, kimya, kwa mjane hawaendi, kofia inarudi kwa familia, maana nguo bado hazijagawiwa. Faini nayo ijulikane, tuseme shilingi 10,000 kwa noti za elfu moja moja, ikae kwenye bahasha ya mzee mmoja, wala isitoke kwa mjane. Noti ndogo ni muhimu: utani wa faini ni kubishana noti baada ya noti, ukitoa elfu kumi nzima mara moja umeumaliza mchezo. Ukiwa nao, kazi ya kuchekesha inakuwa yao. Wewe unabaki na kazi ya kusimulia, ambayo ni nyepesi zaidi.

Kijitabu kifanye kidogo. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa iwe 4, 8 au 12. Ukiandaa kurasa 10, mbili zitatoka tupu. Nane zinatosha. Tatizo litakuwa picha. Picha iliyopita WhatsApp kwa kawaida imepunguzwa. Ikiwa na pikseli 1,200 kwa 1,600 itachapika safi mpaka upana wa sentimita 10, ukiivuta zaidi inaota ukungu. Waombe ndugu wazitume kama faili, si kama picha. Na kama mtatoa kopi nyeusi na nyeupe, iongezwe mwanga usoni kabla, la sivyo yatabaki meno na kola ya shati. Achana na ile picha ya pasipoti aliyokodoa macho. Wasifu rasmi, kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, ukae ukurasa mmoja. Kurasa mbili za katikati ziwe za majina aliyowabatiza watu: jina kushoto, na maelezo ya mstari mmoja kulia, kwa wale tu waliokubali majina yao yatoke. Hizo ndizo kurasa zitakazochakaa kwanza. Chapisha nakala moja, mpe mjane asome siku tatu kabla, ndipo uchapishe nyingine.

Kuhusu koo kuziba. Usijikataze kucheka ukiwa peke yako na sauti zake; kila utakapozisikiliza kabla ya siku hiyo, utazoea pale zinapokukata, na utajua ni sekunde ya ngapi. Ya kusoma iandike kwa mkono, herufi kubwa, ukiruka mstari. Maneno 400 yanatosha dakika nne ukisoma polepole na kusubiri kicheko kiishe. Weka mstari mwekundu pale unapojua utakwama, na hapo shusha pumzi kabla, si baada. Kile cha mchanga kiweke mwanzoni, usikihifadhi cha mwisho, kwa sababu mwanzoni sauti yako bado ina nguvu. Na mtafute kijana mmoja wa meza ya jirani, anayemjua kaka, akae mstari wa mbele na nakala yake mkononi. Ukikatika, asije kukukumbatia. Asimame tu, aendelee kusoma kuanzia neno ulipoachia.